CHUNGWA LIKIOZA UPANDE, TULIKATE AU TULITUPE?



Tulipokutana na kikundi cha akina mama huko Kawangware, mmoja wao anayeuza juisi ya machungwa stejini alituuliza swali zito. Jioni yeye hununua machungwa ya bei ya chini, yale yaliyoanza kuoza. Hukata palipooza, akakamua panapobaki. Akiyatupa yote, kodi ya nyumba ataitoa wapi? Wenzake wa Kibera, wanaouza karibu na soko la Toi, nao walituuliza vivyo hivyo. Hatukumlaumu mtu. Tulikaa, tukajifunza pamoja.

Kuvu huingia wapi?

Ule unga mweupe unaogeuka kijani au buluu juu ya chungwa ni kuvu. Huingia penye jeraha: msumari wa sanduku, kucha, au gunia lililotupwa chini kutoka kwenye lori. Toka Makueni, au Muheza kule Tanzania, hadi Marikiti na vibanda vyetu, chungwa huumia mara nyingi. Kuvu ya buluu hutambaa kutoka chungwa bovu hadi zima lililogusana nalo. Wazee walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa machungwa ni hivyo hivyo.

Kuna nyingine nyeusi, inaitwa alternaria. Hii hujificha. Huingia kwenye kitovu au kikonyo na kuozesha katikati, huku ganda likionekana zima. Pengine dalili ni moja tu: chungwa hilo limeiva mapema kuliko wenzake.

Kwa nini kisu hakitoshi?

Alternaria hutengeneza sumu. Mojawapo, alternarioli, imeonekana katika maabara kudhuru urithi ulio ndani ya seli. Chungwa limejaa maji, kwa hivyo sumu yaweza kupita mbali na pale palipo peusi. Kuchemsha hakuiondoi. Sukari nayo huficha ladha tu.

Hatusemi glasi moja itaua mtu. Lakini tufikirie mtoto anayenunuliwa juisi hiyo kila siku akitoka shule.

Tukumbuke mwaka 2004. Huko Makueni, Kitui na wilaya jirani watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini. Hiyo ni sumu ya kuvu nyingine, kali kuliko hii ya machungwa. Mahindi yalikuwa yamewekwa yakiwa na unyevu. Ugali uliiva vizuri, lakini moto haukuiondoa sumu. Somo ni lile lile: sumu ya kuvu haionekani, na jiko haliimalizi.

Basi tufanye nini?

1. Fungua gunia kabla ya kulipa. Ukiona mengi yana madoa laini, liache.
2. Nunua kidogo, ya siku moja au mbili. Akina mama watatu wanaweza kununua sanduku pamoja na kugawana.
3. Chagua kila asubuhi. Bovu litoke mara moja, lisikae na mazima.
4. Osha kwa maji safi, kausha, weka kivulini penye hewa. Usifunge ndani ya mfuko wa plastiki.
5. Kata kila chungwa mara mbili kabla ya kukamua, utazame katikati. Ukiona weusi au ukungu, tupa lote. Usimpe mbuzi wala ng'ombe.
6. Usikamue kwanza ndipo uchague. Chungwa moja bovu likiingia ndooni, ndoo yote imechafuka.

Yule mama alijaribu. Wiki ya kwanza faida ilipungua, na alitueleza hivyo bila kuficha. Siku hizi hukata chungwa mbele ya mteja ili ajionee mwenyewe, na wateja wanarudi. Machungwa ya jioni hanunui tena.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Hapa kwetu, machungwa yaliyoanza kuoza huuzwa wapi, na hununuliwa na nani?
2. Muuzaji mwenye mtaji mdogo asaidiwe vipi ili asilazimike kuuza kibovu?
3. Nyumbani, ni vyakula gani vingine tunavyokata palipooza na kuendelea kula?