Neno kwenye barua ya rufaa ya mama

*Daktari, mama yangu ana miaka 74. Barua yake ya rufaa imeandikwa "geriatrics". Ni ugonjwa gani huo? Bado sijamwambia.*
*Binti, Tanga*

Binti yangu, ondoa hofu. Huo si ugonjwa, ni tawi la tiba ya wazee. Kwa Kigiriki *geras* ni uzee, *iatros* ni tabibu. Daktari Ignatz Nascher wa New York alilibuni neno hilo mwaka 1909, akitaka wazee wawe na tiba yao kama watoto. Tena shina lake lina heshima: *gerousia*, baraza la wazee la Sparta ya kale, wajumbe wake walichaguliwa kati ya waliofikisha miaka 60.

Mwambie mama leo. Siku ya kliniki bebeni dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, maana nyingine hugongana. Akichanganyikiwa ghafla au akianguka, msingoje tarehe, mpelekeni hospitali.