Ufukara na Hazina ya Serikali

SWALI: Bwana mwandishi, barazani kwetu Unguja wako wasemao kwamba ufukara ni tunda la uvivu, na kwamba kumpa mtu fedha za serikali ni kumzidishia ulegevu. Je, wanayo haki?

JIBU: Ndugu msomaji, mabishano hayo hayatatuliki mpaka itazamwe kwanza ni nani apewaye, na kwa sharti gani. Pensheni Jamii, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, humwendea mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe tajiri au fakiri, pasipo kuulizwa sababu ya hali yake. Ilhali TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, katika mpango wake ulioanza mwaka 2012, ilizichuja kaya kutafuta zilizo hohehahe, na sehemu ya ruzuku ikafungamanishwa na mahudhurio ya watoto skuli na kliniki.

Mimi, katika jambo la wazee, nauelekea utaratibu wa kwanza. Kwani mvuvi wa Nungwi, au mama aliyelima mwani Paje miaka na miaka, ambaye hakupata mwajiri wa kumchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, hawezi kuitwa mvivu ila na mtu asiyepata kushuka pwani maji yakiwa yamekupwa.

Walakini wapinzani wanayo hoja nzito, nayo si ya uvivu, bali ya hesabu: kumlipa na tajiri huipunguza hazina. Lakini uchujaji nao una gharama, ya makarani, na ya mafukara waachwao nje kwa makosa, ambao wapinzani hao huwasahau katika hesabu yao.