SOMO: MBOLEA ILIYO HAI NA WAJIBU WA CHAMA

Hewa iliyo juu ya kila shamba ina naitrojeni karibu sehemu 78 katika kila 100, lakini mimea haiwezi kuitwaa moja kwa moja. Mimea ya jamii ya kunde huipata kwa msaada wa bakteria waitwao raizobia. Bakteria hao huingia mizizini na kufanya vinundu, na humo huigeuza naitrojeni kuwa chakula cha mmea. Nao mmea huwalipa kwa sukari. Mwaka 1888 mtaalamu wa Uholanzi, Martinus Beijerinck, alifaulu kuwatenga bakteria hao kutoka vinunduni, na hivyo njia ya kuwaotesha kwa ajili ya wakulima ikafunguka.

Kila zao lina bakteria walifaao. Kunde hukubaliana na wengi waliomo katika ardhi ya Afrika. Soya ilitoka Asia, na mara nyingi haiwakuti walio wake katika shamba lisilopata kupandwa soya. Ndiyo sababu mbegu yake hupakwa mbolea hii kabla ya kupandwa. Nchini Tanzania, mbolea ya namna hiyo iitwayo Nitrosua ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro.

Mbolea hii isitunzwe kama gunia la urea. Pakiti ikiachwa chini ya bati lenye joto kali, bakteria hufa na sura yake isibadilike. Mwanachama hulipia unga usio na uhai, na hasara huonekana msimu ukiwa umekwisha kupita.

Kwa hiyo katibu wa chama:
1. Aagize kwa kadiri ya mbegu za wanachama, msimu ukikaribia.
2. Akague tarehe ya mwisho wa matumizi, wala asiuze pakiti iliyopitwa.
3. Aiweke mahali pa baridi, penye kivuli, mbali na madawa.

Mwanachama naye:
1. Afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.
2. Alowanishe mbegu kidogo kwa maji ya sukari, kisha achanganye kivulini.
3. Apande siku hiyo hiyo katika udongo wenye unyevu, na kufukia mara moja.
4. Asiichanganye mbegu hiyo na mbolea ya chumvichumvi.

Soya ikianza kutoa maua, mimea michache ichimbuliwe taratibu na vinundu vipasuliwe. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, hawaleti faida. Ikumbukwe pia kwamba bakteria hawaleti fosfeti: penye upungufu, mkulima hana budi kuiongeza.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:
1. Ghala la chama lina mahali gani pafaapo kuhifadhi mbolea hii?
2. Ni nani atakayekagua tarehe pakiti zinapopokelewa?
3. Wanachama wangapi wamepata kupasua vinundu vya mazao yao?