Vijana wa Musoma, Bunda na Butiama: Tuwape shoka, nasaha peke yake haitoshi

KILA mwaka mwezi Novemba vijana wetu wa Musoma, Bunda na Butiama humaliza mtihani wa kidato cha nne. Matokeo hutoka Januari. Waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano huripoti shuleni Julai. Kwa hesabu hiyo, hata kijana aliyefaulu hukaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka, na yule ambaye hakufaulu hukaa bila kujua atakaa mpaka lini. Pita kwenye mwalo wa Mwigobero, pita soko la Nyasho, pita stendi ya Bunda, utawakuta. Mwenye bahati anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Asiye na bahati anamsubiri huyo mwenye bodaboda achoke ili ampokee.

Na sisi tunafanya nini? Ijumaa khatibu anapanda mimbari na kuwausia vijana waache vijiwe, waache bangi, waache kubeti mpira. Ni maneno ya haki na lazima yasemwe. Lakini kuna swali ambalo kijana hujiuliza kimya kimya akiwa amekaa safu ya nyuma: nikishaondoka kijiweni, niende wapi? Swali hilo sisi wazee hatujalijibu. Makala hii inajaribu kulijibu kwa kurejea katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W).

Kisa cha Ansari na shoka

Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa Anas bin Malik (R.A) kwamba mtu mmoja katika Ansari alimwendea Mtume (S.A.W) kuomba. Mtume hakumpa kitu, wala hakumfukuza, bali alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Akajibu kuwa ana nguo moja anayoivaa upande na kuutandika upande, na bakuli la kunywea maji. Mtume akamtaka avilete, akavinadi mbele ya Masahaba mpaka vikafikia dirham mbili. Akamwelekeza dirham moja anunulie chakula cha watu wake na ya pili anunulie shoka. Lilipoletwa shoka, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamtuma akakate kuni na kuuza, na akampa muda wa siku 15. Yule bwana alirudi akiwa na dirham kumi, akanunua nguo na chakula.

Wanazuoni wamejadili isnadi ya Hadithi hii, lakini maana yake inaungwa mkono na Hadithi sahihi iliyomo katika Bukhari, inayofundisha kuwa ni bora mtu achukue kamba yake akabebe kuni mgongoni auze, kuliko kuwaomba watu. Tukikitazama kisa hiki kwa makini tunapata hatua tano, na kila moja inatuhusu sisi hapa Mara.

Hatua ya kwanza: Kuuliza kuna nini

Mtume (S.A.W) alianza kwa kuuliza. Je, ni msikiti gani wetu unaojua una vijana wangapi, nani amemaliza darasa la saba, nani kidato cha nne, nani ameishia njiani, nani ni fundi asiye na cheti? Tunayo madaftari ya michango ya ujenzi, tena yameandikwa vizuri. Daftari la vijana hatuna. Ni kazi ya wiki mbili tu kwa katibu wa msikiti na akina mama wawili watatu wanaozijua nyumba za mtaa. Tena mabinti waandikwe sawa na wavulana, kwa sababu hao ndio wanaofichwa ndani na kusahaulika.

Tukumbuke historia ya hapa hapa kwetu. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Burito wa Butiama alipelekwa kuanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Mtoto huyo ni Julius Nyerere. Inasimuliwa kuwa alipelekwa baada ya watu wazima kuiona akili yake na kumshauri baba yake. Ni watoto wangapi wenye akili namna hiyo wamo katika mitaa yetu, na hakuna mtu mzima aliyewatazama?

Hatua ya pili: Kuanza na kilichopo

Nguo na bakuli vilikuwa ni mali duni, lakini ndivyo vilivyokuwa mtaji. Sisi kilichopo ni nini? Kwanza ni haki zetu kama raia. Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 utaratibu huo ukafikishwa kidato cha tano na sita. Kwa hiyo mzazi anayemwachisha mtoto shule kwa kisingizio cha ada, kisingizio hicho hakipo tena, ingawa sare, daftari na chakula bado ni mzigo wa kweli.

Pili, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, ikarejeshwa mwaka 2024. Jambo kubwa kwetu ni kwamba mikopo hii haina riba. Vijana wengi wa Kiislamu wanakimbia mikopo kwa kumuogopa Allah (S.W.T), na wanafanya vyema. Lakini wanauweka mkopo huu kwenye kapu moja na mikopo ya riba, nao unachukuliwa na wengine. Eneo letu lina halmashauri tano: Manispaa ya Musoma, Musoma Vijijini, Mji wa Bunda, Wilaya ya Bunda na Butiama. Mlango wa kuingilia ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na sharti la kwanza ni kuwa na kikundi kilichosajiliwa. Vijana wanaoswali pamoja mara tano kwa siku wanashindwaje kuunda kikundi?

Tatu ni zaka. Imam Nawawi, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii, ameeleza kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kumwezesha kununua zana za kazi yake. Kwa nini basi zaka zetu ziishie kwenye kilo mbili za mchele, wakati kijana wa mtaa huo huo anajua kushona na hana cherehani?

Hatua ya tatu: Shoka lenyewe

Shoka la zama hizi ni ujuzi. Kizazi kilichotutangulia kilikitegemea kiwanda cha nguo cha MUTEX pale Musoma na vinu vya kuchambua pamba kule Bunda. MUTEX ilipoyumba na kusimama, watu walijifunza kwa uchungu kuwa ajira ya kiwandani inaweza kuondoka, lakini ujuzi anabaki nao mwenyewe.

Musoma kuna chuo cha VETA na Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare. Bunda kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius Nyerere. Aliyejifunza ufundi gereji au kwa fundi seremala asidhani amechelewa, kwani VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Aliyemaliza darasa la saba na hakuendelea anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Na binti aliyepata ujauzito asizikwe akiwa hai. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu arejee shuleni baada ya kujifungua, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vimekuwa na mpango wa kuwasomesha akina mama vijana. Dhambi ina mlango wa toba. Kumfungia mtu mlango wa elimu si katika adabu zake.

Kwa wanaokwenda chuo kikuu, ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo wa elimu ya juu, iliyowatia shaka ya riba Waislamu wengi, iliondolewa mwaka 2021. Mwenye shaka iliyobaki amwendee mwanazuoni akiwa na mkataba mkononi, asisusie masomo kwa kusikia tu.

Hatua ya nne: Chakula na mpini

Tazama jambo ambalo wengi hawalioni katika kisa hiki. Dirham ya kwanza ilikwenda kwenye chakula kabla ya shoka. Kijana hawezi kukaa darasani siku nzima huku akijua nyumbani mama hajapika. Wengi wanaoacha mafunzo hawakushindwa masomo, walishindwa nauli na chakula cha mchana. Jamaa wakichangia nauli ya kijana mmoja kwa muhula mmoja, wamefanya kazi kubwa kuliko wanavyodhani.

Na mpini, Mtume (S.A.W) aliutia kwa mkono wake. Maana yake mtu mzima hamwelekezi kijana kwa kidole tu. Anakwenda naye kuchukua fomu, anakwenda naye kwa afisa wa kata, anamtambulisha kwa mfanyabiashara anayemfahamu. Mwenye gereji, mwenye duka la vifaa vya umeme, mwenye mtumbwi na nyavu, kila mmoja akimpokea kijana mmoja kujifunza, hiyo ni mipini mingapi?

Walio bado shuleni nao wana haki ya mpini. Baada ya Alasiri majengo ya madrasa zetu yana watoto wadogo chumba kimoja, vyumba vingine vimefungwa. Hisabati ni somo linaloangusha watahiniwa wengi nchini mwaka hadi mwaka. Vijana wetu waliopo likizo kutoka vyuoni wakikaa na wadogo zao saa moja na nusu kabla ya Maghrib, Qur'an haipungui kitu, na Hisabati inapata mwalimu.

Hatua ya tano: Siku 15

Mtume (S.A.W) aliweka muda, na muda ulipofika matokeo yakaonekana. Hapa ndipo tunapoangukia. Tunafanya semina, tunakula pilau, tunapiga picha, tumemaliza. Hakuna anayeuliza baada ya mwezi yule kijana amefikia wapi. Daftari lile la hatua ya kwanza lifunguliwe kila mwisho wa mwezi baada ya swala ya Ijumaa, jina kwa jina. Suratul Jumua aya ya 10 inatuelekeza kuwa swala ikimalizika tutawanyike katika ardhi na kutafuta fadhila za Allah. Tuhakikishe vijana wetu wanapotawanyika wana pa kwenda.

Wapo watakaosema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu, na tuna haki ya kuudai bila woga. Lakini Ansari yule hakuambiwa asubiri. Wapo pia watakaosema msikiti wetu ni mdogo, hauna fedha. Daftari ni shilingi ngapi?

Ijumaa hii, ndugu msomaji, kabla hujavaa viatu, muulize katibu wa msikiti wako kama daftari la vijana lipo. Akisema halipo, mnunulie, na jina la kwanza liwe la kijana wa nyumba inayopakana na yako.

Wabillahi Tawfiq.