Opampu Inayotumia Betri Moja

Swali: Klabu ya sayansi mjini Dodoma inakuza sauti ya ilimba ya Wagogo kwa opampu na betri moja ya volti 12. Sauti inakwaruza. Eleza sababu na namna ya kurekebisha.

Jibu: Wimbi la sauti hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake. Betri moja hutoa volti 0 hadi 12 tu, hivyo nusu ya chini hukatwa.

Ili kurekebisha, unganisha rezista mbili za kiloomu 100 mfululizo kati ya chanya na hasi. Katikati yake:

V = 12 × 100 ÷ (100 + 100) = volti 6

Peleka volti hizo kwenye ingizo chanya la opampu. Sauti ipite kwenye ingizo hasi. Rezista ya ingizo ikiwa kiloomu 10 na ya kurudishia 100, ukuzaji ni 100 ÷ 10 = 10. Kilele cha volti 0.2 huwa volti 2. Tokeo hucheza kati ya volti 4 na 8.

Kumbuka: Weka kapasita kwenye ingizo na kwenye tokeo. Kapasita huzuia mkondo mnyoofu na kupitisha sauti.

Jipime: Kilele cha volti 0.7 kitatoka kizima? (Hapana: 0.7 × 10 = 7, na nafasi iliyopo ni volti 6.)