Somo la Afya: Msaada wa Kisaikolojia kwa Aliyefanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 nchini Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliopita kiasi. Wengi wao hushauriwa kubadilisha lishe na kufanya mazoezi. Wachache, ambao unene umewaletea kisukari, shinikizo la damu au maumivu makali ya magoti na njia nyingine zimeshindikana, huweza kupendekezewa upasuaji na daktari.

Upasuaji huu hufanywa katika hospitali chache, hasa za miji mikubwa. Kwa hiyo mkazi wa kaunti hufanyiwa mbali na nyumbani, kisha hurudi kijijini au mtaani kwake kuendelea na maisha. Somo hili linahusu kipindi hicho cha baada ya kurudi, na hasa jinsi ya kumsaidia mtu asiache kutembea na kufanya mazoezi.

Upasuaji hufanya nini?

Katika aina moja ya upasuaji, zaidi ya robo tatu ya tumbo la chakula huondolewa, na sehemu inayobaki huwa nyembamba kama ndizi. Katika aina nyingine, daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Kwa njia zote mbili mtu hushiba haraka, na uzito hushuka kwa kasi katika miezi ya mwanzo.

Kwa wengi, uzito huacha kushuka kati ya mwaka wa 1 na wa 2, na baadhi huanza kuongezeka tena kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, mafuta yanapopungua, misuli nayo hupungua. Mazoezi husaidia kulinda misuli na mifupa, kuzuia uzito usirudi na kutuliza akili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Aliyetoka kwenye upasuaji hufikia kiwango hicho polepole, kwa idhini ya daktari wake.

Kwa nini wengi huacha?

Upasuaji hubadilisha tumbo kwa saa chache tu. Mazoea ya miaka mingi hayabadiliki siku hiyo. Mfano wa kawaida ni wa mama anayeuza nguo za mitumba sokoni. Kwa miaka 10 amekuwa akipanda bodaboda hata kwa safari ya dakika 15 kwa miguu, kwa sababu magoti yalimuuma na alichekwa barabarani. Baada ya upasuaji magoti yamepata nafuu, lakini bado anapanda bodaboda. Kinachomzuia sasa ni mambo manne.

La kwanza ni woga. Anaogopa kidonda kitafunguka, au ataanguka na kuumia. La pili ni maneno ya watu. Majirani wanapomwona amepungua ghafla, wengine hunong'ona kwamba ni mgonjwa. Wengine husema ametumia njia ya mkato. Ngozi iliyolegea humfanya aone aibu kuvaa nguo za mazoezi, hivyo hubaki ndani. La tatu ni kukata tamaa. Mizani ikikwama kwa wiki kadhaa, huona juhudi zake ni za bure. La nne ni kujidanganya bila kujua. Tafiti zilizotumia vifaa vya kupima mwendo zimeonyesha kuwa baada ya upasuaji watu wengi huamini wameongeza mazoezi sana, ilhali kifaa kinaonyesha mabadiliko madogo.

Hakuna hata moja kati ya haya linaloondolewa kwa kumwambia mtu kuwa ni mvivu. Kumkaripia huongeza aibu, na aibu ndiyo inayomfungia nyumbani.

Kujenga imani ya kuweza

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kuwa mtu hufanya jambo na kudumu nalo anapoamini kwamba analiweza. Alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo, na vyote vinaweza kupatikana hapa nyumbani.

Chanzo cha kwanza, chenye nguvu kuliko vyote, ni kufaulu mwenyewe. Ndiyo maana lengo la mwanzo huwa dogo: kutembea dakika 5 hadi duka la jirani na kurudi. Aliyefaulu leo atathubutu dakika 7 wiki ijayo. Cha pili ni kumwona mwenzake akiweza, hasa mtu aliyepitia upasuaji kama wake. Cha tatu ni maneno ya kutia moyo kutoka kwa mtu anayemwamini. Cha nne ni jinsi anavyoielewa hali ya mwili wake. Mtu akifundishwa kuwa kupumua kwa kasi kidogo na kutokwa jasho wakati wa kutembea ni kawaida, haogopi tena kila moyo unapodunda.

Mpango unaoandikwa

Kusema "nitafanya mazoezi" hakutoshi. Mpango unaoshikika hutaja siku, saa na mahali. Kwa mfano: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikishamaliza chai ya asubuhi, nitatembea hadi shule ya msingi na kurudi. Mvua ikinyesha, nitasimama na kuketi kwenye kiti mara 10 hapa sebuleni." Kila siku dakika zilizotimizwa huandikwa kwenye daftari papo hapo. Hivyo daftari husema ukweli ambao kumbukumbu husahau. Pia humwonyesha faida nyingine mizani inapokwama: mwezi uliopita alipumzika mara 3 njiani, sasa hapumziki.

Jinsi ya kuzungumza naye

Mshauri mzuri huuliza na kusikiliza kabla ya kuelekeza. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, wiki hii ilikuwaje upande wa kutembea?"

"Daktari, sikutoka. Watu wanasema maneno."

"Pole, mama. Hayo yanaumiza. Je, kuna siku ulitembea ukajisikia vizuri?"

"Jumapili. Nilienda kanisani na dada yangu kwa miguu."

"Nini kilisaidia siku hiyo?"

"Nilikuwa na mtu. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Mama mwenyewe amepata jibu: anahitaji mwenzake wa kutembea naye. Mpango anaoutoa mwenyewe huushika zaidi kuliko ule aliopewa.

Wajibu wa familia

Mume, watoto na ndugu wanaweza kutembea naye jioni, kumpokea mzigo mzito hadi daktari aruhusu aubebe, na kuacha kuzungumzia umbo lake mbele ya wageni. Badala ya kuuliza, "Umepunguza kilo ngapi?" ni heri kuuliza, "Leo tunatembea saa ngapi?" Akikosa wiki nzima, asihesabiwe kuwa ameshindwa. Aanze tena siku inayofuata, kwa dakika chache kuliko alizoachia.

Wakati wa kutafuta msaada zaidi

Baadhi ya watu hupata huzuni nzito baada ya upasuaji, hata uzito ukishuka vizuri. Wengine, waliokuwa wakijiliwaza kwa chakula, hugeukia pombe, na baada ya upasuaji wa kuunganisha utumbo pombe hulevya haraka zaidi. Anayekosa usingizi, anayejitenga, aliyeanza kulewa au anayesema maisha hayana maana asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya aonane na mshauri. Msaada wa kisaikolojia hupatikana pia bila malipo kwa simu ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.

Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba au kutapika kusikokoma ni dalili za hatari. Mgonjwa aache mazoezi na akimbizwe hospitalini mara moja.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba kwa nyumba wanaweza kupima shinikizo la damu, kuangalia daftari la mazoezi na kumwelekeza mgonjwa kwa mshauri katika kituo kilicho karibu. Mkazi aliyefanyiwa upasuaji huu anahimizwa kumweleza mhudumu wa kijiji chake bila aibu. Siri ya mgonjwa inalindwa na sheria.