Chipu ya Injini na Jaribio la Haki: Somo la Sayansi kwa Darasa la Sita

Mwanachuo wetu mmoja, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu pale Mikumi, alikuwa akifundisha Darasa la Sita juu ya nishati. Alikwisha kueleza kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, bali hugeuka umbo tu, na akawataka watoto watoe mifano. Mtoto mmoja akasimama na kusema, "Mwalimu, baba amefunga chipu kwenye lori lake. Sasa lina nguvu zaidi na linakula mafuta kidogo." Mwanachuo akajibu upesi, "Huo ni uongo wa wauzaji," kisha akaendelea na andalio lake la somo. Darasa likacheka. Mtoto yule akaketi, na hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma na daftari la tathmini tuliandika kwamba mwalimu alilimudu somo. Tulikosea. Jibu lenyewe halikuwa sahihi kabisa, na hata kama lingalikuwa sahihi, mtoto alinyang'anywa swali lake mbele ya wenzake, tena swali linalohusu fedha za nyumbani kwao na heshima ya baba yake. Madhumuni ya makala hii ni kuonyesha jinsi swali la namna hiyo lingeweza kutumiwa kufundishia jambo ambalo aghalabu tunalifundisha kwa maneno matupu, yaani jaribio la haki.

Kwanza mwalimu hana budi kuifahamu injini yenyewe. Malori mengi ya miaka ya karibuni yapitayo Mikumi kuelekea Iringa, Mbeya na Tunduma yana kompyuta inayoongoza injini. Kompyuta hiyo hupokea habari kutoka kwa vipokezi vidogo, ambavyo mafundi huviita sensa: joto la injini, wingi wa hewa inayoingia, mwendo wa injini na mkandamizo wa dizeli katika bomba. Kwa habari hizo huamua ni dizeli kiasi gani inyunyizwe, na inyunyizwe wakati gani. Neno "chipu" hutumika kwa vitu vitatu vilivyo mbalimbali. Kuna kubadili maagizo yenyewe yaliyomo ndani ya kompyuta. Kuna kikasha kinachofungwa kati ya sensa na kompyuta ili kuidanganya kompyuta, kwa mfano kuiambia kwamba mkandamizo wa dizeli ni mdogo kuliko ulivyo, nayo ikauongeza. Na kuna vikasha vya bei nafuu vya kuchomeka tu kwenye tundu ambalo fundi hulitumia kupimia hitilafu. Baadhi ya hivi vya tatu, vilipofunguliwa, vimekutwa na taa ndogo za kumetameta pamoja na saketi ya kuziwasha, basi.

Kwa hiyo dereva yule huenda alisema kweli kuhusu nguvu. Injini ya dizeli yenye tabo, ikiongezewa dizeli na hewa, hutoa nguvu zaidi bila shaka. Lakini nguvu hiyo imetoka katika dizeli iliyoongezwa, na gharama yake ni joto zaidi ndani ya injini, uchakavu wa tabo na pistoni, na mara nyingi moshi mweusi. Ama malori makuukuu tunayoyaona Kilosa yakibeba mahindi na mkonge, ambayo pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa gia na springi bila kompyuta yoyote, chipu haina wa kuzungumza naye. Mwenye lori la namna hiyo akiuziwa chipu, ameuziwa pambo.

Suala la kula mafuta kidogo ni gumu zaidi, na hapo ndipo hesabu inaposaidia. Tuseme lori na mzigo wake vina uzito wa tani 40, nalo linapanda mlima hadi kimo cha meta 100 kutoka lilipoanzia. Kazi ya kuliinua peke yake ni 40,000 × 9.8 × 100, yaani joule 39,200,000. Lita moja ya dizeli ina nishati ya joule milioni 36 hivi, na injini nzuri ya lori hugeuza kiasi cha asilimia 40 tu kuwa kazi. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kama joto katika moshi na katika rejeta. Basi kila meta 100 za kupanda hudai karibu lita 2.7, kabla ya kuhesabu upinzani wa hewa na wa matairi. Wanaopanda Kitonga wanaujua ukweli huu bila ya hesabu. Chipu haiwezi kuupunguza mlima wala mzigo. Yaliyo katika uwezo wake ni kusogeza kidogo wakati wa kunyunyiza dizeli, ili ile asilimia 40 iongezeke kidogo, na faida hiyo, ikipatikana, huja pamoja na gesi chafu zaidi kwa sababu ya joto kali la kuwaka. Tena dereva aliyepata nguvu mpya hukanyaga mafuta ili aifaidi. Ni binadamu.

Mamlaka ya Marekani ya kulinda mazingira imepima vifaa zaidi ya 100 vilivyodaiwa kupunguza ulaji wa mafuta, na haikupata hata kimoja kilichoupunguza kwa kiasi kikubwa. Mwalimu anaweza kulitaja jambo hili darasani, ila asianze nalo. Akianza nalo atakuwa amerudia kosa la mwanachuo wetu kwa maneno ya heshima zaidi.

Aanze na daftari la safari. Tuchukue mfano wa kubuni: dereva ametoka mahali fulani hadi mahali fulani mara tatu bila chipu, na lori limetumia lita 182, 168 na 175. Wastani ni lita 175. Safari ya nne, chipu ikiwa imefungwa, limetumia lita 170. Watoto wakiulizwa, wengi watasema chipu imeokoa lita 5. Mwalimu asiwakatize. Awaulize tu: mbona safari ya pili ilitumia lita 168, na chipu haikuwapo? Hapo darasa hunyamaza, na ukimya huo una thamani kubwa, mwalimu aungoje. Kisha mikono itaanza kunyoshwa. Mzigo ulikuwa mdogo. Upepo wa matairi ulijazwa. Mvua haikunyesha. Walipita hifadhini usiku. Watoto wa Mikumi wanajua kwamba kiasi cha kilometa 50 za barabara hiyo zimo ndani ya Hifadhi ya Taifa, ambamo mwendo hauruhusiwi kuzidi kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Hakuna kitabu kitakachowapa mfano bora zaidi ya huo.

Wahandisi wa magari wa Marekani wana kanuni ya kupima malori, iitwayo J1321, ambayo mwalimu atapenda kuijua. Malori mawili yanayofanana hupita njia ile ile kwa wakati ule ule. Moja haliguswi kamwe. Jingine hupimwa kabla na baada ya kufungwa kifaa. Mvua au upepo ukija, umeyapata yote mawili. Nayo dizeli hupimwa kwa mizani, kwa kuwa dizeli ikipata joto hutanuka na lita zikadanganya.

Sasa tufike kwenye zana. Darasani hatuna malori, lakini kila mtoto anaweza kutengeneza kigari cha makopo. Tulifanya jaribio hili pamoja na yule mwanachuo, kwa darasa lile lile, wiki iliyofuata. Ubao wa meta moja uliinuliwa kwa matofali mawili, kigari kikaachiwa kutoka juu, na umbali kilikofika sakafuni ukapimwa kwa rula. Vibiriti viwili vitupu vilitiwa kizibo cha soda kimoja kimoja, na kizibo kimoja kikachorwa nyota. Chenye nyota tukakiita chipu. Siku ya kwanza watoto waliona wazi ni kibiriti kipi kimefungwa juu ya kigari. Kile chenye nyota kilikwenda mbali zaidi, nao wakashangilia. Sisi tuliokuwa tukitazama mikono yao tuliona kwamba kigari cha chipu kilikuwa kikisukumwa kidogo wakati wa kuachiwa, na rula ikisomwa kwa ukarimu. Hakuna mtoto aliyekusudia kudanganya.

Siku ya pili vibiriti vilifungwa, mtoto mmoja akavichagua akiwa nyuma ya mlango, mwingine akaachia kigari, wa tatu akapima bila kujua kilichomo. Mara kumi kwa kila kibiriti, matokeo yakaandikwa ubaoni, wastani ukatafutwa. Tofauti ikatoweka.

Kabla ya jaribio hilo mwanachuo alimwendea mtoto yule mbele ya darasa akamwambia, "Juzi nilikujibu kabla ya kufikiri. Tulipime jambo lako." Hatukumwagiza aseme hivyo. Mtoto ndiye aliyekabidhiwa rula.

Baada ya siku chache alileta daftari la baba yake, lenye safari kadhaa za kabla na baada ya chipu, tarehe na lita. Watoto waliligombea. Walichora safu ubaoni, wakaanza kujaza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeona kwamba mahali pa uzito wa mzigo palikuwa patupu katika safari mbili. Akaomba ruhusa ya kulirudisha nyumbani ili amwulize baba.